Herieli wa Mshenga na Herieli wa Shangazi

Edda alikuwa na chumba cha gemu pale Bonga, kandokando ya barabara ya Dodoma, televisheni tatu na mabenchi mawili, na kilichomchosha kuliko kukatika kwa umeme ni ubishi wa gemu moja iitwayo Dhoruba. Shujaa wa Dhoruba ni Oreku. Toleo la pili, Oreku anatobolewa jicho, anatumbukia kwenye volkano, anakufa, hata cha kuzika hakuna. Toleo la tatu huyo hapo, mzima wa afya, macho mawili, ana mke na duka la samaki. Vijana walitaka kutoana roho. "Amekufaje halafu ana duka?" Edda aliwaeleza mpaka koo likamkauka kwamba watengenezaji wenyewe walishasema: hizo ni dunia mbili, kila moja na historia yake, na ya huku haihusiani na ya kule. Wapi! Mtu mmoja tu ndiye aliyeelewa, tena papo hapo, naye ni Herieli, fundi aliyekuwa akija kutengeneza pedi za kuchezea gemu zilizokufa vitufe. Siku hiyo Edda akamtazama vizuri kwa mara ya kwanza. Mengine hayo mnaweza kuyamalizia wenyewe.

Basi Jumamosi moja mchana posa ikafika Mutuka, nyumbani kwa wazazi wa Edda. Herieli hakuja, maana muoaji haendi kujiposea. Alimtuma mshenga, Mzee Sylvesta, pamoja na shangazi yake Domitila. Edda akawekwa jikoni na mama yake, masikio yote sebuleni. Mtu wa kuridhishwa huko alikuwa baba, Mzee Aniceti, mkulima wa mahindi na maharage, ambaye kwake mwanaume asiye na shamba bado hajamaliza kuzaliwa. Alishasema mapema: yeye akikataa, hakuna ndoa. Na Edda alimpenda yule fundi jamani, alimpenda mpaka chakula kilikuwa hakipiti.

Sasa huyo Mzee Sylvesta, mdomo wake hauna breki.

"Kijana wetu ni mkulima," akaanza. "Ana ekari tano Nangara, alizeti tupu. Kanisani ni mwanakwaya. Hayo magemu ya mjini hayajui kabisa, hata karata hajawahi kushika."

Birika nusura limponyoke Edda. Ekari tano! Herieli alikuwa na mche mmoja wa pilipili kwenye kopo dirishani, nao ulishanyauka. Sebuleni baba alikuwa anaguna kwa raha. Mambo yalikuwa yananyooka, shida ni kwamba yalikuwa yanamnyookea mtu mwingine.

Shangazi Domitila naye, ambaye hakuna aliyekumbuka kumpangia la kusema, akaona asikae bure.

"Na mikono yake, baba! Redio, simu, hayo madude ya gemu, hakuna kinachomshinda. Shamba ndiyo hapana. Utotoni tulimpa jembe, akachomoa mpini aone limeungwaje. Mpaka leo haujarudi."

Baba akaweka kikombe mezani.

"Samahani, wageni. Anayeposa ni kijana mmoja au wawili?"

"Huyo anayesemwa na shangazi ni binamu yake," Mzee Sylvesta akadakia, jasho linamtoka. "Wameitwa jina moja."

"Binamu gani?" Domitila akang'aka. "Mimi nina mtoto wa kaka mmoja tu!"

"Niitieni binti," baba akasema.

Swali linaloulizwa hapo kila msichana analijua: je, wageni hawa unawafahamu? Ukisema huwafahamu, wageni wananyanyuka na habari imeisha. Ukisema unawafahamu, umekubali yote waliyoyasema. Edda akaingia, akapiga goti, akawaamkia. Aseme ndiyo, baba ataondoka kesho asubuhi kwenda Nangara kukagua alizeti. Aseme hapana, amempoteza Herieli hapohapo.

"Baba, mimi namfahamu mmoja, Herieli wa shangazi. Wa Mzee Sylvesta sijawahi kumwona. Ni kama gemu zetu kule Bonga, jina moja, sura moja, lakini dunia mbili. Katika dunia ya kule analima alizeti. Katika hii anatengeneza pedi. Na mimi naishi hii."

"Na mshenga katuletea habari za dunia ipi?"

"Za kule, baba. Hakukusudia ubaya."

"Hasa!" Mzee Sylvesta akaitikia, haraka mno kwa mtu aliyekuwa hajaelewa kitu. "Za kule!"

Baba hakucheka. "Basi mimi nimeshampenda huyo wa kule. Mkulima, mwanakwaya. Mkamtafute huko aliko mniletee. Huyu aliyeshindwa na jembe, hapana."

Machozi yakamjaa Edda. Ndipo mama akatokea mlangoni, mwiko mkononi.

"Baba Edda. Mshenga wako alipokuja kwetu Dareda alisema una ng'ombe ishirini na nyumba ya bati."

Baba akakohoa. "Mama Edda, hayo ni ya zamani."

"Nikakubali. Nimefika hapa nakuta mbuzi mmoja, kilema, na wewe."

Shangazi Domitila akajifunika kanga usoni, mabega yanatikisika.

"Wewe nilikupokea ulivyo, nikakupenda, na sijutii," mama akasema. "Lakini yule wa mshenga, mwenye ng'ombe ishirini, nimemngoja miaka thelathini na moja na hajafika mpaka leo. Mwache mwanangu aolewe na huyu aliyepo."