Maisha ya Nani

Treni ilikwisha kuanza kusogea August Niehaus alipomwona Darius Cantwell dirishani, kofia ya timu kichwani, anatafuna paja la kuku.

August alikuwa amekuja stesheni kama ilivyokuja nusu ya mji wa Evansville, kuwaaga vijana wanaokwenda kucheza besiboli St. Louis. Alisimama nyuma, karibu na magunia ya mahindi, maana mchezaji aliyefungiwa maisha hakai mbele na bendi. Hilo alikuwa amelikubali. Msimu uliopita yeye na Cantwell waliuza mechi, wakakamatwa, wakafungiwa wote wawili, na majira yote ya baridi alijifariji kwa neno hilo: wote wawili. Sasa nusu ya wote wawili ilikuwa inaondoka na treni.

"Cantwell!" aliita, akaanza kukimbia kando ya behewa. "Unafanya nini humo?"

"Nakula, Gus!"

"Wewe si umefungiwa?"

"Nilifungiwa! Nimefunguliwa! Kamuulize Blackstock!"

Behewa likampita, bendi ikapiga kwa nguvu zaidi, na August akabaki mwisho wa jukwaa la stesheni akihema, amesimama kama mzigo uliosahauliwa.

Kosa lenyewe halikuwa na mafumbo. Walikuwa kwenye viti vya kinyozi, nyuso zimejaa povu, na kiti cha tatu alikikalia Sowers, mcheza kamari. Sowers akawauliza kama wangependa kupoteza mechi ya Alhamisi ile kwa malipo. Aliuliza mara moja, wakajibu kwa pamoja. Kisha Sowers akanyanyuka, akajitazama kwenye kioo, akaondoka bila kumlipa kinyozi. Kinyozi, ambaye angeweza kukaa kimya mpaka anaingia kaburini, akaona hana sababu ya kukaa kimya bure.

Cantwell alikuwa mrushaji, yaani mtu ambaye kila mpira unaanzia mkononi mwake, na Alhamisi hiyo alirusha mipira laini kama mkate uliolowa maziwa. Wapinzani waliipiga mpaka ikawatisha ng'ombe nje ya uzio. August alilinda kituo cha tatu, kimoja cha vile ambavyo wapigaji hukimbilia. Enzi hizo watu walidaka kwa mikono mitupu, na August aliangusha mipira miwili. Wa kwanza aliuuza. Wa pili ulimponyoka kihalali kabisa, tena ukamvunja pua, ila hakuna aliyewahi kumsadiki kuhusu huo wa pili.

Kanuni ya klabu juu ya jambo hilo ilikuwa mstari mmoja. Mchezaji akiuza mechi, afungiwe maisha.

Orrin Blackstock, mwenyekiti wa klabu, alikuwa na kiwanda cha bia karibu na mto. August alimkuta katikati ya mapipa, kikombe mkononi, anaonja.

"Bwana Blackstock, Cantwell yumo kwenye treni."

"Natumaini yumo. Tumemlipia kiti."

"Tulifungiwa wote wawili."

"Kweli."

"Maisha."

"Kweli kabisa."

"Sasa alikufa akafufuka, au imekuwaje?"

Blackstock akanywa kidogo, akatafakari, akatema. "Aliyekufa si yeye. Ni klabu. Baada ya aibu mliyotuletea tuliivunja, mwezi wa tatu. Kofia za Buluu hawapo tena duniani. Mwezi wa nne tukaanzisha Kofia za Kijani. Klabu nyingine kabisa."

"Kofia ni zile zile, bwana. Mmezitia rangi. Wachezaji wakitoka jasho masikio yanageuka kijani."

"Niehaus, nisikilize. Kanuni inasema afungiwe maisha. Haisemi maisha ya nani. Ilibidi tuamue wenyewe. Cantwell tulimfungia maisha ya klabu. Klabu ikafa, kifungo kikaisha."

"Na mimi?"

"Wewe tulikufungia maisha yako."

August akavua kofia yake, akaitazama ndani, akaivaa tena. "Kwa nini?"

"Kwa sababu yeye ni mrushaji," alisema Blackstock, kwa upole, kama mtu anayemweleza mgeni njia ya kwenda sokoni. "Warushaji hawapatikani. Walinzi wa kituo cha tatu wapo. Nenda uwanja wowote utawakuta wamekaa kwenye nyasi wanasubiri."

"Sikuja kuomba msamaha. Niliuza, nimekiri. Nataka tupimwe kwa kipimo kimoja."

"Kipimo kimoja," Blackstock alirudia, kama vile ni aina ya bia asiyoijua. Kisha akamkaribia, akapunguza sauti. "Sikia. Hii klabu nayo itakufa, zote hufa. Majira ya baridi tutaivunja, mwakani tutaianzisha upya, na nitakuingiza."

"Kama nani?"

"Kama mtu ambaye hatujawahi kumsikia. Ila ukae kimya. Mambo haya yakifika kwenye midomo ya watu, mimi sipo."

August alirudi nyumbani polepole. Yeye na mkewe Philippina, aliyemwita Pina, walikaa juu ya bucha ya baba mkwe, na kazi yake pale ilikuwa kukata nyama, kazi ambayo alikuwa haiwezi. Vipande vyake vilikuwa na sura ambayo wateja hawakuitambua. Mama mmoja aliwahi kurudisha kimoja akauliza ni cha mnyama gani. Uwanjani ndipo mikono ile ile ilipojua inachofanya. Miguu yake ilibakiwa na miaka miwili ya kukimbia, labda mitatu, kisha basi. Huo ndio uliokuwa utajiri wake wote, na kila msimu aliokaa nje ulikuwa unaula.

Pina alikuwa anajaza soseji. Alimsikiliza bila kuinua uso.

"Si amekuambia mwakani utarudi?"

"Amesema."

"Basi kaa kimya mpaka mwakani. Wewe kukaa kimya si shida, tangu tuoane umesema maneno ya kujaza kikombe."

"Lakini Pina, si haki. Tulikosea wote, tukaanguka wote. Halafu yeye anainuliwa."

"Unataka kucheza, au unataka kuambiwa una haki?"

August akafikiri sana. "Vyote."

"Haya," Pina alisema, akafunga soseji fundo. "Nipe kisu. Kabla hujakiharibu na hicho."

Alikaa kimya kwa muda fulani. Kisha timu ikarudi kutoka St. Louis na ushindi, na siku moja August akaingia kwa kinyozi, akamkuta Cantwell kwenye kiti kile kile, na povu lile lile.

"Gus! Kaa, kaa. Usininunie bwana, uso wenyewe huo na pua hiyo, utawatisha watoto."

"Ulijua kwamba kifungo chako ni cha maisha ya klabu?"

"Nilijua. Waliniuliza, unataka maisha ya nani? Nikasema, ya klabu, tafadhali."

"Mimi hawakuniuliza."

"Wewe ulikuwa unalia."

"Sikulia! Pua ilikuwa imevunjika. Macho yanatoka maji yenyewe."

"Machozi ni machozi, ndugu yangu, wao watajuaje?" Cantwell akacheka, kinyozi akamwambia atulie asije akakatwa. "Haya. Nenda ukalalamike, sina kinyongo. Ila nakuonya, ukinivuta mimi nitoke, hutaingia wewe. Utanikuta hapo nje, tutakaa wote kwenye baridi tunatazamana."

"Sitaki utoke. Nataka niingie."

"Basi uwaeleze vizuri. Wale si watu wa kusikia nusu ya pili."

Mtu wa kumweleza alikuwa Bwana Quigley, mwenye duka la majeneza, mmoja wa wakubwa wa klabu. Quigley hakuwa mtu wa kucheka. Alimsikiliza August akiwa anapiga randa ubao, akamaliza ubao, akapuliza vumbi.

"Mimi sikujua kuna maisha ya aina mbili," alisema. "Niliambiwa maisha, nikapiga kura. Hili litasemwa mbele ya watu."

"Bwana Quigley, mimi nilidhani labda pembeni, kimya kimya..."

"Mbele ya watu," alisema Quigley.

Kikao kikafanyika Jumapili mchana kwenye ukumbi wa juu wa zimamoto. Farasi wa gari la maji walikuwa wakigonga kwato chini ya sakafu, na ukumbi ulijaa mpaka ngazini. Ukutani, juu ya vichwa vya wakubwa, ilitundikwa bendera ya ubingwa wa jimbo lao la Indiana. Cantwell alikaa mbele, miguu ameinyosha. Pina alikaa nyuma na kapu la kufuma.

"August Niehaus," Blackstock alianza, hamtazami, "unakiri kwamba uliuza mechi?"

"Nakiri. Kila mkiniuliza nakiri."

"Mipira miwili!" mtu akapiga kelele kutoka mlangoni.

"Mmoja," alisema August. "Wa pili uliniponyoka."

Ukumbi mzima ukacheka. August akangoja mpaka wamalize.

"Mimi na Cantwell tuliuza siku moja, kiti kwa kiti, kwa mtu mmoja. Sisemi aadhibiwe zaidi. Anarusha vizuri, na arushe. Nasema kipimo mlichompimia yeye mnipimie na mimi. Basi."

Watu wakanung'unika kwa namna ya kukubali. Quigley akasimama.

"Kanuni haisemi maisha ya nani. Hilo ni kosa letu tulioiandika, tulikuwa na haraka ya chakula. Natoa hoja tuchague aina moja leo, itumike kwa kila mtu, awe mrushaji au awe mfagia uwanja. Nashauri maisha ya klabu. Kumfungia mtu mpaka afe ni jambo kubwa. Najua mimi watu wanavyochukua muda."

Mikono ikainuliwa yote. Hata Blackstock aliinua wake, na kwa mara ya kwanza siku ile akamtazama August, akamkonyeza. Klabu ya zamani imekufa, basi August yuko huru, Cantwell yuko huru, na hakuna aliyeumia. Cantwell akageuka akampa August mkono. Huko nyuma Pina akaacha kufuma.

"Limebaki moja dogo," alisema Quigley, ambaye alikuwa hajakaa. "Klabu ilikufa lini?"

"Mwezi wa tatu," Blackstock alijibu. "Uliipigia kura mwenyewe."

"Bendera hii ya nani?"

Watu wakainua vichwa kuitazama.

"Yetu," alisema Blackstock.

"Hapana. Ilitwaliwa na Kofia za Buluu, na Kofia za Buluu ni marehemu. Kofia za Kijani hawajatwaa ubingwa wowote. Kama ni klabu nyingine, bendera ishushwe, maana tunatundika mali ya wafu."

Kelele iliyofuata ilisikika mpaka mtoni. "Isishushwe!" "Yetu hiyo!" "Nani amesema ishushwe, tumrushe dirishani!" Mtu mmoja, fundi wa boti, alipanda juu ya benchi akaapa kwamba alikuwepo siku ilipotwaliwa, kwamba alipoteza jino kwenye sherehe, na kwamba atakayeigusa atampotezea mengine. Farasi chini wakaanza kulia.

Blackstock alinyanyua mikono, akaishusha. Alimtazama Cantwell, akatazama bendera, akautazama umati uliokuwa unanunua bia yake. "Klabu ni ile ile," alisema. "Haijawahi kufa. Ilibadilisha kofia."

"Basi iko hai," alisema Quigley, "na kifungo kiko hai. Wote wawili, maisha ya klabu. Niehaus, uliomba kipimo kimoja. Umeridhika?"

August alisimama akiwa ameshika kofia. Angeweza kusema kwamba hakumaanisha hivyo. Angeweza kusema lolote. Alimtafuta Pina kwa macho, naye akawa ameinamia kapu lake.

"Ni haki," alisema August.

"Nilikuambia uwaeleze vizuri," alisema Cantwell, si kwa ukali. Alivua kofia ya timu, akaiweka juu ya meza ya wakubwa, akajifuta masikio kwa leso. Leso ikawa ya kijani.

Wakashuka ngazi pamoja, kwa sababu ngazi ilikuwa moja.

Kofia za Kijani walicheza mpaka mwezi wa nane na mrushaji mpya, kijana wa kwaya ya kanisa, ambaye hakuuza mechi hata moja na alifungwa karibu zote. Watu wakaacha kuja uwanjani. Klabu ikavunjwa, safari hii bila mpango wa kuianzisha tena, na bendera ikachukuliwa na fundi wa boti. Quigley alivaa koti lake jeusi akatembea mpaka bucha kumwarifu August rasmi kwamba kifungo chake kimekwisha siku ile. August akamshukuru, akamfungia soseji. Mjini hapakuwa tena na timu. Alijaribu miji mingine miwili, huko nako walikuwa na kanuni zao, na miguu ikaisha.

Baba mkwe alipofariki bucha ikawa yao. Pina alikata nyama, August alizungusha mashine ya kusagia na kupeleka vifurushi. Walipata mabinti wanne. Blackstock alichaguliwa diwani. Quigley alikufa kwa homa ya matumbo. Kinyozi alihamia Cairo, Illinois, na hakuna aliyesikia habari zake.

Cantwell alikwenda Kanada, akarusha huko misimu mitatu kwa jina la mama yake. Aliuza mechi tena, akakamatwa, na huko walimfungia mpaka Krismasi. Baadaye mkono ulimharibikia, akafungua baa mjini Toledo.

Sowers hakuwahi kuitwa kwenye kikao chochote, kwa kuwa kanuni ilihusu wachezaji. Alihamia kwenye mbio za farasi.