Chaki Mkononi

Mkuu wa shule alitaka jibu kabla ya saa sita: niache darasa langu niwe mshauri wa walimu, au nibaki? Akasema, “Jaribu kwanza. Kaa nyuma ya darasa la yule mwalimu mpya, utazame tu.”

Kutazama tu! Mimi, ambaye mume wangu hunitania kwamba nakunywa chai kabla haijachemka.

Mwalimu mpya akauliza robo ya ishirini ni ngapi. Akasubiri. Mimi kitini kama nimekalia siafu. Nikashtukia niko ubaoni, chaki mkononi, jibu nimeshaliandika.

Kengele ilipolia yule mwalimu alinirudishia daftari nililoliacha kitini. Alikuwa ameandika: “Samahani, Mwalimu. Yule msichana wa dirishani alikuwa ameanza kunyoosha mkono.”

Nikaenda kwa mkuu, nikamfungulia lile daftari. “Mshauri umempata,” nikamwambia. “Ila si mimi.”