Nukta Juu ya Shamba la Kaka

Kwa mara ya arobaini na moja, kompyuta ilileta jibu lile lile. Mtaalamu wa hifadhi, mwanamke wa miaka hamsini kasoro, akajifuta uso kwa kiganja. Miaka mitatu alikuwa akipiga hesabu moja: misitu ya hifadhi iachane umbali gani ili kima wavuke toka mmoja hadi mwingine, wasije wakazaana ndugu kwa ndugu mpaka kizazi kikafifia. Kilomita sita, si zaidi. Misitu miwili iliyopo iliachana kumi na moja. Palihitajika kimsitu katikati, na nukta nyekundu ya ramani ilikuwa imeganda juu ya shamba la kaka yake.

"Isogeze kilomita tatu," alisema mkuu wa idara, kikombe cha chai mkononi. "Nani atajua?"

"Kima watajua."

Mkuu alicheka. Mtaalamu, hata kucheka kulimchosha.

Jumamosi alimkuta kaka yake aking'oa visiki. Alimweleza yote. Kaka akaketi juu ya gogo.

"Mdogo wangu, mgongo wangu umeishia hapa. Leo nyani wana haki kunizidi?"

"Kima, kaka. Na si haki, ni umbali."

"Wewe na umbali wako! Hata harusi ya mwanangu ulichelewa, kisa umbali."

Dada alitaka kumwambia kwamba nukta hufutika kwa kidole kimoja. Badala yake akainama, akaokota kipande cha kisiki.

"Ukiiweka pengine," kaka akauliza, "hao kima wataishi?"

"Miaka arobaini hivi. Halafu basi."

Kaka alibandua magome ya gogo.

"Basi andika unachokijua. Ila leo usikae kula kwangu."

Alirudi mjini na njaa yake. Jumatatu akawasilisha ripoti, nukta ikiwa pale pale, na kamati ikaipitisha. Kaka alipewa shamba jingine ng'ambo ya bonde, lenye mawe kibao. Alihama bila hata kumpigia simu.

Ulipita mwaka na nusu, miti inayokua haraka iliyopandwa kwenye shamba la zamani ikianza kufunga kivuli. Siku moja, akiwa kazini, wifi yake akampigia.

"Wifi, kaka yako anasema nikwambie kima wamepita. Wamekula mahindi yetu mistari minne."

"Yuko hapo?"

"Yuko, ametega sikio. Hataki kuongea."

Akafumba macho, simu sikioni.

"Mwambie nimesikia," alisema. "Mwambie pole."