Betri Niliyoiazima kwa Mwalimu Mrutu

Usiku wa kuamkia leo niliota mlango unaniuliza tarehe. Ulikuwa mlango wa karakana yangu mwenyewe, hapa Same, wa bati la bluu, nilioupaka rangi kwa mkono wangu. Niliusukuma kama ninavyousukuma kila siku, ukakataa.

"Leo tarehe ngapi?" mlango ukauliza.

Nikautajia. Ukacheka kwa dharau. Ukasema leo ni Januari mosi, mwaka elfu mbili na kumi na sita, na kwamba Fundi Mcharo wa mwaka huo hana kitambi.

Hapa lazima nieleze kidogo, la sivyo mtadhani nimechanganyikiwa. Jumanne Mama Mrutu aliniletea kompyuta ya marehemu mumewe. Mwalimu Mrutu aliifundisha kwaya ya usharika wetu kwa miaka mingi, na alikuwa na mtindo wake: akishatunga wimbo, anaimba mwenyewe sauti zote nne, moja baada ya nyingine, anajirekodi kwenye kompyuta, kisha kila kundi linakaa na kusikiliza mpaka sauti yake ikae kichwani. Wimbo wake wa mwisho alifundisha sauti tatu. Ya nne, besi, aliirekodi, lakini akafariki kabla hajamsikilizisha mtu yeyote. Jumamosi hii tunaweka msalaba kaburini, na kwaya imeahidi kuuimba wimbo huo. Besi hakuna anayeijua. Imo ndani ya kompyuta ile.

Mama alitaka tu nimhamishie kwenye flashi. Kazi ya dakika tano.

Sasa, kabla sijaanza, akaingia karani wa shule na kompyuta yake, anahema, ana haraka. Betri yake ya saa ilikuwa imekufa. Ni ile betri ya duara, kubwa kama kifungo cha koti, inayoiwezesha kompyuta kukumbuka tarehe na mipangilio yake hata ikizimwa. Sikuwa na nyingine. Nikachomoa ya Mwalimu, kwa dakika kumi tu, nijaribie. Mafundi wote tunafanya hivyo, asiniambie mtu kwamba hafanyi. Karani akaondoka nayo, nami kwa Mwalimu nikabandika ile iliyokufa. Nilipowasha, saa ilikuwa imerudi mwaka kompyuta ilipotengenezwa, mipangilio ya usalama imevurugika, na kwenye kioo kuna maneno meupe, kwa kuwa haitambui tena programu zake: *Saini si halali. Kompyuta haiwezi kuanza.*

Mama Mrutu aliporudi nikamwambia lile ambalo fundi yeyote humwambia mteja.

"Mama, ina virusi."

Aliketi kwenye benchi. "Vimekula na sauti yake?"

"Tunapambana navyo, mama," nikasema.

Basi nimesimama mbele ya mlango, katika ndoto, jua kali la saa nne, na mdomoni nina ladha ya chuma. Nageuka. Nyuma yangu kuna mtu amevaa kaunda suti ya kijivu, ameshika bahasha ya kaki.

"Shikamoo fundi," anasema. "Mimi ni Virusi."

"Marahaba," nikajibu, maana adabu ni adabu.

"Nina barua yako ya wito kutoka baraza la kata. Umenisingizia. Tangu Jumanne sijatoka nyumbani, mke wangu anaumwa mgongo, mimi ndiye ninayechota maji. Majirani ni mashahidi. Leo naambiwa nimekula sauti ya marehemu. Fundi, mimi hata nyama sili."

Nilijaribu kumwambia kwamba lile ni neno la kazi tu, halikumlenga yeye binafsi. Akasema mkewe amelia.

Mlango ukatoa daftari la wageni kupitia tundu la funguo. Sijui limepitaje. "Weka saini," ukasema. "Ikiwa halali, unaingia."

Nikaweka saini yangu, ile ninayoweka kwenye risiti, yenye mkia mrefu.

"Saini si halali," likasema daftari. Mlango ukapungua upana kama shubiri moja, hivi hivi, bati likijikunja bila kelele.

Nikaandika tena, polepole, kwa herufi kubwa: FUNDI MCHARO. Si halali. Mlango ukapungua tena. Sasa ulikuwa wa kupita mtu mwembamba, na mimi tumbo langu mnalijua. Upande wa pili wa mlango nikasikia kwaya inapanda jukwaani, nikawasikia wakikohoa na kusogeza viti, nikajua ni Jumamosi tayari na wananisubiri mimi.

"Mlango, tafadhali," nikasema. "Ndilo jina langu. Sina lingine."

"Jina tunalijua," mlango ukasema. "Limo kwenye orodha ya waliokatazwa. Hapa tunataka saini ya aliyefanya."

Virusi akanikopesha kalamu. Nikaandika: *Mimi Mcharo nilichomoa betri ya marehemu, nikamwambia mjane ni virusi.*

Daftari likasoma, likarudia kusoma, likajifunga. Mlango ukajitanua hadi ukutani. Virusi akachukua bahasha yake, akaikunja mara mbili, akaitia mfukoni.

"Nilitaka iandikwe tu," akasema, akaenda zake kuchota maji.

Naingia. Hapakuwa karakana. Palikuwa sebuleni kwa Mwalimu Mrutu, makochi yake yana vile vitambaa vyeupe vya kufuma, na karibu na mlango kibibi mmoja ameketi kwenye kigoda. Kitenge chake kilikuwa na fundo pembeni, fundo kubwa, analoliminya kwa vidole.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba. Nani kagusa nyumba?"

Nikaangalia makochi.

"Ufunguo wa chumba cha sauti uko hapa," akasema, akipigapiga fundo. "Alinikabidhi mwenye nyumba. Kila asubuhi kabla sijafungua fundo naangalia kwanza: viti, dirisha, komeo, saa. Vikiwa kama alivyoviacha, nafungua. Kikiwa kimeguswa kimoja, sifungui. Leo komeo liko chini. Yeye aliliacha juu. Na ile saa ya ukutani inasema uongo."

Ukutani, chini ya saa, palikuwa na kitufe chekundu kikubwa kama sahani. Kikaniita kwa sauti tamu: "Fundi, usijisumbue na huyo. Nibonyeze mimi. Mimi ni Futa Funguo Zote. Mafundi wote wakichoka wananibonyeza. Nyumba inakuwa mpya kabisa, inafunguka mara moja."

Niseme ukweli, kidole kilienda. Mchana wa jana karakanani kilienda hivyo hivyo. Nilifika kwenye mstari wenye maneno hayo hayo kwenye kioo cha kompyuta ya Mwalimu, nikabaki nao nusu saa nzima.

"Bonyeza," kibibi akasema, bila kukasirika. "Nyumba itafunguka kweli. Ila mimi huu ufunguo nitaumeza, na chumba cha sauti hakitafunguliwa tena na mtu yeyote, hata wewe, hata mjane wake."

Nikarudisha kidole. Nikakikalia ili kisiende tena.

Kisha nikapandisha komeo. Lilikuwa zito kuliko linavyoonekana. Nikaishusha saa ukutani. Mgongoni ilikuwa na tundu la duara, tupu, linanitazama.

"Betri yake iko wapi?" kibibi akauliza.

"Iko kwa karani wa shule, bibi."

"Acha kuongea na kitu mdomoni."

Nikatema kiganjani. Ndiyo yenyewe, ya duara, inang'aa, muda wote nilikuwa nimeikalisha chini ya ulimi. Nikaipangusa kwenye shati, nikaitia kwenye tundu, saa ikaanza kutembea.

Ndipo Mwalimu Mrutu akatoka chumbani. Ana fulana nyeupe, taulo begani, nywele nyeusi tii. Januari mosi ya mwaka ule alikuwa bado mtu mzima mwenye nguvu zake, na alinitazama kama alivyonitazama siku ile ya majaribio ya sauti.

"Mcharo. Wewe si nilikufukuza kwaya?"

"Ndiyo, Mwalimu."

"Kwa kosa gani?"

"Naimba besi kama mtu anayesukuma gari, Mwalimu."

"Vizuri kwamba unakumbuka. Umefuata nini?"

"Nimefuata besi ya wimbo wako wa mwisho."

Akaketi kwenye kochi. Akalikunja lile taulo juu ya magoti, taratibu, kona kwa kona. "Wimbo wa mwisho," akasema. "Mbona huo sijautunga."

Nikaelewa. Mwaka wa saa ile wimbo haujakuwepo. Ili uwepo, lazima mishale isogezwe mbele, na mbele kunajulikana kuna nini. Nikaishika ile saa kifuani kama mtoto. Nilitaka kuirudisha ukutani ikiwa vile vile, tumwache mzee wa watu na fulana yake.

"Mwalimu, nikisogeza..."

"Nimeelewa. Mimi si mjinga, Mcharo, mjinga ni wewe. Sogeza. Kwaya haisimami kwa sauti tatu."

Nasogeza. Mwaka unapita kwa kila mzunguko wa kidole. Mvi zinaanza masikioni, zinapanda. Anavaa miwani, anaivua, anavaa nyingine nzito zaidi. Mama Mrutu anapita na kikombe cha chai, anamwekea, anaondoka. Anapita tena, safari hii anatembea akishika ukuta. Mwalimu anaandika nota kwenye karatasi, anafuta, anaandika. Anaanza kukohoa. Nasimamisha kidole, ananionyesha kwa kalamu niendelee.

Anafungua kompyuta. Anaimba sauti ya kwanza kwa sauti nyembamba ya mzee, bila aibu. Anaimba ya pili, ya tatu. Halafu anageuza kiti, ananikabili mimi, na besi anaiimba akinitazama machoni, kutoka mwanzo hadi mwisho. Haikuwa kubwa. Ilikuwa inatembea chini chini, inashuka pale ambapo ungedhani itapanda, halafu inangoja, kisha inawabeba wengine wote. Alipomaliza akaona uso wangu, akaiimba tena.

"Imekaa?"

"Imekaa, Mwalimu."

"Usiisukume."

"Sitaisukuma."

"Bado wiki saba kufika leo," kibibi akasema kutoka kigodani.

Sikutaka. Naandika haya mchana, watu wanapita nje na mikungu ya ndizi, na bado naona vile sikutaka. Nilimwambia kibibi saa imekwama. Akaniambia nimeshaandika ukweli mara moja leo, nisiharibu. Mwalimu akavua miwani, akaiweka juu ya kitambaa cha kochi, akanipa ishara ndogo ya mkono, ile anayowapa wanakwaya wakae.

Nikasogeza. Nilipotazama, kochi lilikuwa na taulo tu, limekunjwa kona kwa kona.

Kibibi akainuka. Akapita taratibu akiangalia. Dirisha. Viti. Komeo juu. Saa inasema kweli. Kochi tupu.

"Sasa iko kama alivyoiacha," akasema. Akafungua fundo la kitenge kwa meno, akaniwekea ufunguo kiganjani. Ulikuwa na joto la mwili wake.

Nikaamka. Jua lilikuwa limeshaingia chumbani, kiganja kitupu, nikajiambia ni ndoto, nilikula maharage mengi. Mke wangu Namsifu yuko uani anakoroga uji, na kama ilivyo wiki hii nzima anaimba kipande chake cha wimbo wa Mwalimu. Yeye yuko sauti ya pili. Nikachukua mswaki, nikasimama mlangoni, nikaanza kupiga mswaki huku naguna tu kwa chini, bila kufikiri.

Mwiko ukasimama kwenye sufuria.

"Baba Elinaja, rudia."

"Nirudie nini?"

"Hicho unachoguna."

Nikatema povu, nikaguna. Yeye akaingia juu yake na sauti ya pili, macho kanikodolea. Zikatembea pamoja. Pale yangu iliposhuka, yake ilipanda. Pale yangu iliposubiri, yake ilipita. Tulifika mwisho pamoja, hatukugongana hata mara moja. Uji ulikuwa unafurika na hakuna aliyeushughulikia.

"Hiyo ni besi," Namsifu akasema polepole. "Hiyo haijafundishwa kwa mtu. Na wewe alikufukuza. Nani kakufundisha?"

Nilijifunga taulo, nikaenda kutafuta simu. Maneno nilishayaandika mara moja pale daftarini, nikajua yanasemwaje. Nikampigia Mama Mrutu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, fundi. Virusi vimekwisha?"

"Havikuwepo, mama. Ni mimi nilichomoa betri ya Mwalimu nikampa mtu, mipangilio yote ikavurugika. Nikakudanganya. Naenda shuleni sasa hivi kuifuata, narudisha kila kitu kama alivyokiacha."

Nilisikia kuku wake wakiparura kwa mbali, nikangoja kutukanwa, na ningestahili.

"Na sauti yake?" akauliza.

"Ipo, mama," nikasema. "Nimeisikia."