Mtani wa Mama Elieth

Mwalimu Damas alikuwa na ugomvi na viti. Ukimkuta popote pale mtaani Cheyo, Tabora, kwa kinyozi au nje ya kanisa, atakwambia kwamba kiti ndicho kinachowamaliza watoto wa mjini. Mtoto anaketi darasani, anarudi nyumbani anaketi mbele ya runinga, akiichoka anapewa simu ya mama yake, akiletewa chipsi anazila papo hapo alipoketi. Akifika darasa la tano, ngazi mbili tu zinamtoa pumzi. Na wakubwa wanaona sawa, wanasema mtoto katulia. Katulia nini? Mtoto mzima hatulii.

Basi Juni hiyo shule zilipofunga, Damas akaanzisha kambi ya michezo kwenye uwanja wa vumbi nyuma ya nyumba za reli. Hakutaka filimbi wala fimbo. Mazoezi yasiyo na kicheko ni adhabu, alisema, na mtoto aliyeadhibiwa kwa kukimbia atauchukia mwendo mpaka uzeeni. Kwa hiyo walicheza rede, waliruka kamba, walishindana ndani ya magunia wakaanguka na kugaagaa. Wiki ya kwanza haikwisha, watoto walikuwa wanamfuata nyumbani kumgongea dirisha kabla hajanywa chai.

Mchezo uliowapagawisha zaidi aliubuni mwenyewe, akauita msafara. Babu zake Wanyamwezi walikuwa wapagazi, walibeba pembe na vitambaa kati ya Tabora na pwani, na Damas alijivunia jambo hilo kuliko cheti chake cha ualimu. Watoto walijipanga mistari ya kushindana, kila mtoto na kifuko cha mchanga kichwani juu ya kata ya kanga. Mbele alitangulia kiongozi mwenye njuga akiimba, wenzake wakiitikia huku wakitembea na kukimbia. Sheria ilikuwa moja: msafara haujafika mpaka mtu wake wa mwisho afike. Damas aliiweka kwa ajili ya wanene na wazito, ili wasiachwe nyuma na kuchekwa. Ilikuwa sheria nzuri. Mtu angesema nini juu yake?

Elieth, binti wa miaka tisa, ndiye aliyekuwa na sauti ya kuongoza. Alikuwa mwembamba, miguu mirefu, macho yenye umanjano ambao Damas aliudhania ni wa kukesha. Baba yake alikuwa fundi wa reli, kituo chake Kaliua, nyumbani akija mara moja kwa mwezi. Mama yake, Asnath, alikuwa Mgogo wa Mpwapwa, akikaanga maandazi kwenye lango la uwanja.

Na Mgogo kwa Mnyamwezi ni mtani. Utani huo ulizaliwa njiani, enzi hizo hizo za wapagazi, misafara ilipokatiza Ugogo ikigombea maji na wenyeji mpaka pande zote mbili zikachoka kupigana, zikaanza kuchekana. Mtani anakutukana mchana kweupe nawe unacheka. Kukasirika ni mwiko. Anayekasirikia utani hujiaibisha yeye na ukoo wake.

"Wewe Mnyamwezi," Asnath alimwambia siku ya kwanza, "mwanangu nimemleta acheze. Kubeba mizigo ni kazi yenu nyie."

"Mwache ajifunze kazi, mtani. Kwenu kazi mnayoijua ni kutazama mawingu."

Akina mama waliokuwa pale wakacheka, na tangu siku hiyo wakawa wanawahi langoni ili wasikose. Asnath hakuwa wa kushindwa. Asubuhi moja alikuja mbio akipiga kelele kwamba Elieth kaumwa na nyoka kule vyooni. Damas akaruka, kiatu kimoja kikabaki nyuma, akamkuta mtoto ameegemea ukuta anatafuna andazi. Aliporudi akichechemea, wanawake walikuwa wamelaliana mabegani kwa kicheko, na Damas mwenyewe akacheka kuliko wote. Siku nyingine Asnath alimwambia kwamba wazee wa Mpwapwa wanadai ng'ombe kwa kila tone la jasho linalomtoka mjukuu wao. Damas akawa hasikii neno la Asnath pasipo kutafuta utani uliomo.

Siku ya mwisho ya kambi uliandaliwa msafara mkubwa, kwenda mpaka Kwihara, nje ya mji, kwa ile njia ya zamani ya wapagazi. Kulikuwa na baridi ya Juni, upepo umebeba vumbi, na akina mama walijaa langoni kuwaaga watoto wao kana kwamba kweli wanakwenda Bagamoyo. Asnath akaja amemshika Elieth mkono.

"Mtani," alisema, "leo Elieth asikimbie. Miguu inamuuma tangu jana. Ana sikoseli, sikukwambia."

Ugonjwa huo wa damu alikuwa hajamwambia mtu pale mtaani. Aliwahi kuishi mahali ambapo watoto wa namna hiyo waliitwa wageni, maana hawakai duniani, na alimwona mama mmoja akionewa huruma kila siku mpaka akahama. Daktari alisema mtoto acheze, ila anywe maji na asichoshwe. Kwa hiyo alimwacha acheze, akamchunga kwa jicho kutoka kwenye kikaango chake. Kwihara jicho lisingefika. Ndipo akasema, na kwa aibu ya kusema akatabasamu kidogo.

Damas aliliona tabasamu. Aliwaona pia wanawake nyuma yake, midomo tayari kwa kicheko.

"Hiyo ni sikoseli ya kula mlenda," akajibu. "Siku ya kazi Mgogo miguu inamuuma. Ngoja siku ya pilau, utamwona anavyokimbia."

Walicheka mpaka mmoja akajishika ubavu. Asnath naye akacheka. Angefanyaje? Hakuna aliyewahi kumfundisha namna ya kumkasirikia Mnyamwezi.

"Haya, lakini umesikia," akasema.

"Nimesikia, mtani."

Akarudi kwenye maandazi yake akiwa na hakika kwamba kasikia.

Mtoto naye hakusema kitu. Kwanza alitaka kwenda. Pili, mwalimu alimkabidhi njuga. Wakatoka wakiimba, wakapita mashamba yaliyovunwa, jua likapanda na baridi ikageuka joto kavu la kukausha koo. Maji waliyobeba yaliisha kabla ya nusu ya njia, maana watoto walimwagiana wakicheza na Damas aliwaacha wafurahi. Kufika kilimani Elieth alikuwa haimbi tena. Mwenzake alikuwa amempokea njuga, na yeye amebaki mkiani, mkono mmoja kifuani.

Damas akamrudia. Alimzunguka akirukaruka kama nyani, akatoa ulimi, akageuza macho.

"Mgogo, usituaibishe. Msafara haufiki bila wewe."

Elieth akacheka, kicheko kifupi cha kukatika pumzi. Akawatazama wenzake waliosimama mbele wakimngoja, wakimwita jina. Akaweka kifuko chake sawa kichwani, akaenda.

Alifika, na msafara wake ukashinda. Walipokuwa wanaruka na kukumbatiana, yeye alikaa chini kwenye vumbi, akakataa soda, akaanza kutetemeka juani. Damas alimvalisha koti lake, akasimamisha pikipiki ya abiria, akampakia mbele yake, akamshikilia njia nzima mpaka hospitali. Kila tundu la barabara mtoto alilia. Muuguzi alipouliza kama ana ugonjwa wowote, Damas alijisikia akijibu bila kufikiri.

"Ana sikoseli."

Ndipo maneno ya langoni yalipomfikia.

Asnath alifika akikimbia, unga wa ngano ukiwa bado mikononi. Damas alingoja amtukane, amrarue shati, amwite muuaji.

"Asante kwa kumleta, mwalimu," Asnath alisema.

Alikuwa hajawahi kumwita mwalimu hata siku moja.

Elieth alifariki Jumapili alfajiri, kifua kimemjaa, baba yake akiwa bado ndani ya treni. Watu walisema ni mipango ya Mungu. Walimpa pole mwalimu kwa jinsi alivyomhangaikia mtoto wa watu. Wale wanawake wa langoni walipokumbushana habari za asubuhi ile, walikumbuka sikoseli ya mlenda na kicheko chake, basi. Lililosemwa kabla yake hakuna aliyelishika. Walilijua wawili tu, na wote wawili walikaa kimya.

Damas alijifungia ndani. Lakini msiba wa Mgogo ukitokea katikati ya Wanyamwezi, kazi ni ya watani. Wao huchimba kaburi na kupika, nao huwachekesha wafiwa ili wasife na wao. Mzee Kashindye, baba yake mdogo, alikuja kumtoa kwa mkono.

"Mama yule ana mtani mmoja mkubwa hapa Cheyo, na ni wewe," alisema. "Usipokwenda watasema tunawachukia."

"Baba, siwezi kumtania."

"Hakuna anayeweza. Tunafanya tu."

Msibani watani walishaanza. Mmoja alikuwa amejifunga kanga akimwigiza mwanamke wa Kigogo anayelia huku akilamba mlenda, na baba wa Elieth, ambaye hakuwa ameonja kitu tangu ashuke treni, alifuta machozi akatabasamu. Watu walipomwona Damas walimpisha mpaka kwenye mkeka alipoketi Asnath. Wakasogea kungoja. Walijua wawili hawa wakikutana lazima mtu avunjike mbavu.

Damas alipiga magoti mbele yake. Alitaka kuomba msamaha, lakini kwa maneno gani, mbele ya watu hawa wote wenye midomo tayari?

Asnath akainua uso. Sauti ilikuwa imemkauka, lakini aliipaza ili ifike mpaka kwa wanaume waliokuwa nje.

"Mnamwona Mnyamwezi huyu?" alisema. "Ndiye aliyemuua mwanangu. Nilimwambia mtoto ni mgonjwa, akamkimbiza mpaka akafa."

Kisha mwanamke mmoja akaangua kicheko, na mkeka mzima ukafuata, na wanaume nje wakapokea wakipiga makofi. Mzee Kashindye alitikisa kichwa kwa kuridhika. Mtu fulani nyuma akasema afadhali, Mama Elieth kaanza kurudi duniani.

Damas alibaki amepiga magoti, akimtazama usoni, akingoja naye acheke. Asnath hakucheka.