D ya Dada

Dada yangu ni wakili. Kubisha ndiyo kazi yake. Asubuhi ile aliingia kwenye karakana yangu ya kompyuta bila kubisha hodi wala hoja, nikajua mambo yameharibika.

"Shahidi wangu nimemhamisha mara mbili," alisema. "Mara zote mbili wale watu wanaomwinda wamemtangulia kufika. Na mahali penyewe nilipaandika kwenye kompyuta yangu tu. Saa sita atafungua barua pepe nimwambie pa kukimbilia. Nikikosea, wanampata."

Ilikuwa saa nne na nusu.

Kompyuta yake niliisukuma kando kama sahani iliyotuliwa na nzi, nikamtolea kuukuu yangu. Akanipa flashi. Ndani kulikuwa na mfumo huria wa kuendeshea kompyuta, ule ambao msimbo wake uko wazi: yeyote anaweza kuusoma, na akiona kijidudu cha upelelezi anapiga kelele dunia nzima isikie.

"Fundi wa ofisini kaniwekea jana."

"Ulio wazi ni ule wa watengenezaji wenyewe. Huu tumeletewa. Tuuhakiki."

"Mdogo wangu, muda."

"Niliwahi kuharakisha mimi. Mafaili yote ya mteja yakaenda, nikabaki na adabu."

Kila nakala ina alama yake, tarakimu na herufi sitini na nne, ambayo watengenezaji huitangaza hadharani. Gusa nukta moja ndani ya nakala, alama nzima inageuka. Mimi nilishika ile halali kwenye simu yangu. Yeye akasoma ya flashi kwenye mashine ya karakana.

"Tisa. B ya baba. Nne."

"Simama. Yangu inaanza na moja, e ya embe."

Akarudia. Ileile.

"Fundi kaniletea mpaka mezani," alisema taratibu. "Na pole akanipa. Kompyuta zetu zote zinapita kwake."

Flashi niliifungia ndani ya kopo la skrubu. "Kielelezo cha kwanza, wakili."

Nikaanza kushusha nakala nyingine kutoka kwa watengenezaji wenyewe. Mtandao ukajikokota. Ilipokamilika, ilibaki robo saa.

Akasoma, jasho likimchuruzika. Karibu na mwisho: "D ya dada. Saba."

"Mimi nina b ya baba."

Akafumba macho. "Basi kwisha."

"Nyingine zote zimelingana?"

"Zote."

Nikacheka, akanitazama kama nimerukwa na akili. "Iliyochezewa haikosei herufi moja, inakosea nzima nzima. Mkosaji ni wewe. Tangu darasa la kwanza unageuza b na d. Weka kidole, usome."

Akaweka kidole kwenye kioo. "B," alisema kwa sauti ndogo. "Ya baba."

Nikawasha kuukuu kwa mfumo ule. Saa sita kasoro dakika mbili alimtumia shahidi ujumbe kutoka anwani mpya ya barua pepe. Tukakaa. Kila gari lililopunguza mwendo nje lilitufanya tuchungulie dirishani.

Saa saba jibu likaingia: "Nimefika. Sikukuta mtu."

Dada alishusha pumzi, akafuta uso kwa kiganja.

"Ile ya b na d," alisema, "mahakamani isifike."