Visiwa Saba

Fundi saa alikuwa mpweke, tusizungushe maneno. Mkewe alishafariki, mwanawe wa pekee alihamia mji mwingine, na mzee alikuwa amefikia hatua ya kumjibu mtangazaji wa redio. Akiagwa, naye anaaga.

Siku aliyosikia mwanawe atapita na mjukuu kwa mchana mmoja tu, alitoka mbio kwenda dukani akanunua mchezo wa maharamia: ubao wa bahari, meli nne, dadu, na visiwa kumi vyenye uvungu. Mmoja anaficha kito chini ya kisiwa, wenzake wanakisaka kwa meli.

Akafanya mazoezi peke yake wiki nzima, asije akaumbuka. Weee! Anaficha kito, anahamia kiti cha pili kukisaka, na kila mara anakikuta pale pale. Sasa utamficha nini mtu ambaye ni wewe mwenyewe? Siku ya tano alikaa tu akiziangalia meli.

Mjukuu akaja. Miaka sita, meno ya mbele hana, mdomo haupumziki. Dakika tano hazijaisha, kishajiita Nahodha.

"Babu, fumba macho!"

"Nimefumba, Nahodha."

"Muongo! Unachungulia!"

Babu alicheka mpaka miwani ikamdondoka. Aliinua visiwa vitatu, patupu. Alikuwa ameshika dadu kwa zamu ya nne mwanawe alipoingia na funguo za gari mkononi.

"Baba, samahani, tunachelewa."

"Hatujamaliza!" mtoto akapiga kelele. "Babu, usiguse! Nikirudi tunaendelea. Ni zamu yako."

"Sigusi, haki ya Mungu."

Na kweli hakugusa. Alikula jikoni amesimama, meza akawaachia maharamia. Vumbi alilifuta kwa brashi yake ndogo ya kazini, akizunguka visiwa taratibu. Kila kitu kingine mle ndani alijua kilipo, maana alikiweka mwenyewe. Ila chini ya kimojawapo cha visiwa saba vilivyobaki kulikuwa na kitu kilichofichwa na mtu mwingine, na hilo lilimpa raha ya ajabu. Asubuhi aliamka na hamu.

Mwezi wa pili tangu waondoke, simu ikaita. Mwanawe alisema kazi zimembana, likizo hii hawaji, labda mwakani. Kisha akampa mtoto simu.

"Nahodha! Mchezo wetu uko vile vile. Sijachungulia hata kidogo."

"Mchezo gani, babu?"

"Ule wa maharamia. Si ulificha kito?"

"Aaa, ule! Nilikiweka wapi vile? Nimesahau. Chungulia tu, babu."

Walipoagana, fundi saa alikaa mezani. Ruhusa ameshapewa. Akanyoosha mkono mpaka kwenye kisiwa cha kwanza, na vidole vilivyozoea skrubu ndogo kama chembe ya chumvi vikasimama juu yake bila kukigusa. Akikiinua na kito kikawepo, mchezo umekwisha, na mwenzake hayupo.

Akaurudisha mkono. Akachukua brashi, akaendelea kufuta vumbi.